Talisker ya Miaka 10: Wiski ya Kimea kwa Anayeanza

Talisker ya miaka 10 si wiski ambayo wahudumu wengi wa baa za Uskoti humpa mtu anayeonja wiski ya kimea kwa mara ya kwanza. Desturi yao ni kumwanzishia mgeni wiski laini za bonde la mto Spey, kama vile Glenlivet au Glenfiddich, zenye harufu ya matunda na asali, kisha kumpandisha hatua kwa hatua hadi kwenye zile za visiwani zenye moshi mkali. Mimi nilianzia kwenye moshi, katika baa ndogo ya mtaa wa Leith, upande wa bandari wa jiji la Edinburgh, na baada ya kuirudia wiski hiyo nikiwa na hizo laini kando yake kwa kulinganisha, naona kwamba kwa mnywaji wa Afrika Mashariki ushauri wa kuanza na laini una haki ya kupingwa.

Kwanza ni lazima ieleweke tunazungumzia kinywaji gani, kwa sababu wengi wetu tunapotaja wiski tunamaanisha Johnnie Walker, Grant's au Ballantine's. Hizo ni wiski za kuchanganywa. Ndani yake mna wiski ya kimea kutoka viwanda vingi, ikaongezewa wiski ya nafaka, hasa ngano au mahindi, inayotoka kwenye mitambo mirefu ya mnara ambayo hufanya kazi mfululizo na kutoa pombe nyingi, laini na ya bei nafuu. Chupa yenye maneno Single Malt kwenye lebo hufuata masharti mengine, na masharti hayo yameandikwa katika Kanuni za Wiski ya Uskoti za mwaka 2009: kinywaji chote kilichomo kitoke katika kiwanda kimoja, kitengenezwe kwa kimea cha shayiri, maji na hamira tu, kikenekwe, yaani kichemshwe na mvuke wake upoozwe uwe pombe kali, kwa mikupuo katika mitungi ya shaba, kisha kikae ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi ujazo wa lita 700, humo humo Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na kisitiwe kwenye chupa kikiwa chini ya asilimia 40 ya kileo. Mapipa yanayochanganywa yanaweza kuwa mengi sana, mradi yote ni ya kiwanda hicho kimoja, na umri unaoandikwa ni wa lile pipa changa kuliko yote. Kitu pekee kinachoruhusiwa kuongezwa zaidi ya maji ni rangi ya karameli, kwa hiyo mtu anayekadiria ubora wa wiski kwa wekundu wake kwenye glasi anajidanganya bure.

Kimea chenyewe si jambo geni kwetu. Mtu aliyeona mbege ikiandaliwa Kilimanjaro kwa ulezi uliooteshwa, au busaa ikipikwa magharibi mwa Kenya, anaifahamu kazi yake tayari: nafaka hulowekwa, huachwa ichipue kidogo, kisha hukaushwa kabla mche haujamaliza akiba yake, na katika kuchipua huko huzaliwa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ambayo ndiyo chakula cha hamira. Waskoti hufanya hivyo kwa shayiri. Tofauti inayohusu makala haya iko kwenye ukaushaji, maana katika sehemu nyingi za visiwani na za magharibi kimea kilikaushwa kwa moto wa piti, yaani udongo mweusi wa vinamasi uliotokana na mimea iliyooza nusu kwa maelfu ya miaka, ukakatwa vipande na kuanikwa hadi ukawa kuni. Wasomaji wa Rwanda wanaijua kwa jina la nyiramugengeri, na kule Gisagara inachomwa kuzalisha umeme. Moshi wake hung'ang'ania ganda la shayiri, na hautoki tena: hupita kwenye uchachushaji, hupita kwenye mitungi ya shaba, hukaa miaka ndani ya pipa, na bado humkuta mnywaji mlangoni kabla hajanywa.

Talisker hutengenezwa Carbost, kijiji kidogo kwenye ufuo wa ghuba ya Harport katika kisiwa cha Skye, mahali ambapo ndugu wawili, Hugh na Kenneth MacAskill, walianzisha kiwanda mwaka 1830. Kwa muda mrefu kilikuwa kiwanda pekee cha wiski kisiwani humo. Kina mitungi mitano, miwili ya ukenekaji wa kwanza na mitatu ya ule wa pili, hesabu isiyo ya kawaida kwa kuwa mitungi hiyo kwa kawaida huenda kwa jozi. Inafahamika kwamba zamani, hadi mwaka 1928, walikuwa wakikeneka mara tatu. Mabomba yanayotoa mvuke kwenye ile mitungi miwili ya kwanza yamepinda chini na kupanda tena, hivi kwamba sehemu ya mvuke mzito hugeuka maji njiani na kurudishwa mtungini kukenekwa upya. Baada ya hapo mvuke hupoozwa kwa mtindo wa zamani, ndani ya mrija wa shaba uliozungushwa kwenye tangi la maji baridi, badala ya vipoozeo vya kisasa vilivyoenea kwingineko. Mvuke unaopita hivyo hauguswi sana na shaba, na pombe inayotoka hubaki nzito na yenye ladha nyingi zaidi. Mwaka 1960 moto uliteketeza jengo la mitungi, na wenyewe walipolijenga upya waliagiza mitungi mipya iliyonakiliwa umbo kwa umbo kutoka kwa ile iliyoungua, kwa hofu kwamba mpindo mmoja ukibadilika ladha nayo ingepotea. Hofu hiyo naiona ya busara.

Sasa nije kwenye baa. Sitaitaja jina, kwa kuwa ninachokipima ni kinywaji, na baa za aina hii Edinburgh ziko nyingi: chumba kimoja, kaunta ndefu ya mbao, rafu za chupa hadi karibu na dari, na hakuna mhudumu anayekufuata mezani, unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba glasi yako mwenyewe. Mhudumu aliyenihudumia alistahili sifa. Kabla ya kunionyesha chupa yoyote aliniuliza kwa kawaida nakunywa nini na napenda kula nini, na nilipomjibu kwamba napenda samaki wa kuchoma na vyakula vyenye pilipili, aliacha kuelekea kwenye Glenlivet na kuishusha Talisker. Alimimina kwenye kipimo cha chuma hadi ukingoni, akakipindua ndani ya glasi, akaniwekea na jagi dogo la maji ya bomba bila kuombwa. Kipimo hicho si hiari yake. Sheria ya Uingereza inataka wiski, jini, ramu na vodka ziuzwe kwa toti ya mililita 25 au 35, na baa lazima iwatangazie wateja imechagua ipi. Mteja anayelinganisha bei za baa mbili asipoangalia jambo hilo anaweza kudhani amepunguziwa kumbe amepunjwa.

Malalamiko yangu kuhusu baa hiyo ni mawili. La kwanza ni glasi. Wiski ililetwa kwenye glasi pana ya kitako kinene, ile ya kutiliwa barafu, ambayo inapoteza harufu yote kwenye hewa, na ilinibidi niombe ile ndogo yenye tumbo chini na shingo nyembamba juu, iliyobuniwa na kampuni ya Glencairn ya huko huko Uskoti na ambayo leo imekuwa kama sare ya waonjaji wa wiski. Walikuwa nazo, zimepangwa nyuma ya kaunta. Kwa nini mteja aziombe mwenyewe sikuelewa. La pili ni jiko: kila mlango wake ulipofunguliwa, harufu ya mafuta ya chipsi ilitanda chumba kizima, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na haja ya kunusa chochote. Anayekwenda kuonja na aende mchana, kabla saa ya chakula cha jioni haijawadia.

Rangi yake kwenye glasi ni dhahabu iliyoiva. Ukiitikisa kidogo, kimiminika huacha michirizi minene inayoteremka polepole ukutani mwa glasi. Kwa kuwa nguvu yake ni asilimia 45.8, juu ya ile 40 tuliyoizoea kwenye wiski za kuchanganywa, mtu akiingiza pua yote kwa pupa atachomwa na kileo na hatasikia kitu kingine. Njia nzuri ni kuishika glasi chini ya kidevu, kuipandisha taratibu, na kunusa huku mdomo ukiwa wazi kidogo. Moshi unatangulia, lakini si moshi wa sigara wala wa mpira uliochomwa. Ni moshi mkavu, wenye chumvi. Nyuma yake kuna mwani uliotupwa ufukweni, na nyuma ya mwani, kwa mwenye subira, ganda la limau na tunda lililoiva ambalo nililiweka karibu na peasi.

Mdomoni mambo hugeuka. Kinachoanza ni utamu, tena utamu wa wazi wa kimea, na unadumu kwa sekunde chache kiasi cha kumfanya mtu afikiri kwamba pua ilimdanganya. Kisha moshi unarudi kupitia nyuma ya koo, chumvi inajitokeza pembeni mwa ulimi, na mwishoni, ukishameza na kudhani kazi imekwisha, panaibuka ukali wa pilipili manga unaopanda polepole badala ya kushuka. Ukali huo ndio alama ya Talisker, na wapenzi wake huusubiri. Kwangu mimi mpangilio huo wote, moshi, chumvi, kisha pilipili, ulikuwa ule ule wa ng'onda aliyepashwa juu ya mkaa na kuliwa na pilipili ya kusaga, na hapo ndipo nilipoanza kutilia shaka ule ushauri wa kuanza na wiski laini. Mtu aliyekulia Tanga, Lamu au Ukerewe, ambaye samaki mkavu na samaki wa moshi ni chakula chake cha kila siku, hahitaji kufundishwa kuipenda harufu hii. Anaifahamu kabla ya kuifahamu wiski.

Nilipotia maji, kwa matone na si kwa mkupuo, pilipili ilitulia na matunda yakasogea mbele, huku moshi nao ukizidi kunusika, jambo ambalo sikulitarajia, maana akili ya kawaida inasema maji hupunguza kila kitu. Sababu yake imechunguzwa. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walichapisha hesabu za kompyuta zilizoonyesha kwamba gwayakoli, mojawapo ya kemikali zinazobeba ladha ya moshi katika wiski, huzama ndani ya kinywaji kileo kinapokuwa kikali sana, na husogea kwenye uso wake, karibu na pua, kileo kinapopungua. Kijiko kimoja cha chai kilinitosha kwa toti moja. Zaidi ya hapo Talisker huanza kuwa nyembamba, ingawa ni kweli kwamba inastahimili maji kuliko ndugu zake wenye asilimia 40.

Kwa ajili ya kupima haki niliagiza pia Glenlivet ya miaka 12. Ni wiski nzuri, safi, yenye nanasi na vanila, na historia yake ni ya heshima, kwa kuwa George Smith, mwanzilishi wake, alikata leseni mwaka 1824, mara tu baada ya sheria ya ushuru ya mwaka 1823 kuwapunguzia wakenekaji mzigo, wakati majirani zake bado wakipika pombe yao kwa kujificha milimani. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea wiski ya kuchanganywa, Glenlivet inaonekana kuwa ile ile aliyoizoea, ila imelainishwa zaidi. Anainywa, anaisifu kwa adabu, kisha anajiuliza moyoni kwa nini alipe zaidi. Talisker haiachi nafasi ya swali hilo: ukiipenda au ukiichukia, unajua papo hapo kwamba umekutana na kitu kingine.

Wapo watakaoichukia, na nisingependa kumficha msomaji. Rafiki yangu wa Arusha, ambaye kinywaji chake ni mvinyo mtamu na ambaye nilimshawishi aonje kwenye glasi yangu, alitia ulimi, akakunja uso, akaniambia, "Kaka, hiki kinywaji mbona bado kinawaka?" na hakugusa tena. Kwa watu wa namna yake, Glenlivet au Dalwhinnie ni mlango unaofaa. Lakini pia moshi una viwango, na Talisker iko katikati. Lagavulin ya miaka 16 kutoka kisiwa cha Islay ina moshi mzito zaidi pamoja na utamu wa matunda makavu. Laphroaig, jirani yake, ina harufu ya dawa ya kusafishia vidonda ambayo wengine huiabudu. Hizo mbili siwezi kumshauri mtu aanze nazo.

Kuhusu barafu na soda, ambako wapenzi wa wiski hugombana kuliko inavyostahili, msimamo wangu ni huu. Barafu huifunga harufu, na kwa kuwa nusu ya bei ya wiski ya kimea unailipia harufu, ni vyema toti ya kwanza inywewe bila barafu. Soda isiyo na sukari inakubalika, tena kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa ningeipendelea. Talisker iliyotiwa soda baridi kwenye glasi ndefu, ikanyunyiziwa pilipili manga kidogo, hubaki na moshi na chumvi yake na huendana vizuri na pweza wa kuchoma. Kuitia Coca-Cola ni kutupa fedha, kwa sababu sukari na karameli ya soda hiyo hufunika kila kilichofanya uilipie zaidi. Aliyedhamiria kunywa wiski na kola anunue ya kuchanganywa na anywe kwa raha zake.

Bei ndiyo kikwazo halisi. Miaka 10 ndani ya pipa ni gharama ya ghala, ya mtaji uliolala, na ya kinywaji chenyewe kinachopotea hewani, kwa maana katika hali ya hewa ya Uskoti pipa hupoteza takriban asilimia 2 kila mwaka kwa mvuke, na Waskoti husema kwamba hiyo ni sehemu ya malaika. Mapipa yenyewe kwa Talisker ni hasa yale yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, wiski ya Marekani, ambayo sheria ya huko inataka ihifadhiwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililounguzwa ndani, na hivyo mapipa yaliyotumika hukosa kazi kwao na kuuzwa. Kwa mtu ambaye hajajijua kama anapenda moshi au la, kununua chupa nzima ni kubahatisha. Chupa ya mililita 700 ina toti 28 za mililita 25. Ni heri kulipia moja baa, hata kama kwa hesabu ya toti ni ghali, kuliko kubaki na 27 zisizo na mnywaji. Anayeinunua chupa Nairobi au Dar es Salaam aangalie stempu ya kodi ya KRA au ya TRA kwenye shingo, na aione lakiri haijaguswa, kwa sababu kadiri jina linavyosifika ndivyo wanaojaza chupa tupu wanavyolipenda.

Toti moja ya mililita 25 ya Talisker ina kileo halisi cha mililita 11 na kidogo, na kwa walioko Uskoti ni muhimu kukumbuka kwamba kiwango cha kileo kwa dereva kilishushwa mwezi Desemba 2014 hadi miligramu 50 kwa kila mililita 100 za damu, chini ya kile cha Uingereza yenyewe ambacho ni 80. Mimi nilikwenda kwa basi.

Anayetaka kuendelea baada ya Talisker jioni hiyo hiyo, ningemshauri aagize Oban ya miaka 14, kutoka mji wa bandari wa jina hilo hilo katika pwani ya magharibi, ambayo ina chumvi ya bahari na moshi hafifu pamoja na utamu wa ganda la chungwa. Glenlivet isifuate nyuma ya Talisker, kwa kuwa ulimi ukishapita kwenye ule moshi utaiona kuwa maji, na Lagavulin ingojee siku nyingine, maana baada yake hakuna kinachoonjeka tena usiku ule, hata chipsi za baa yenyewe.